Ndege Aliyemchunga Kashaija

Mzee Kashaija wa Kibingo hajawahi kukosea. Kama kuna kosa limetokea karibu naye, basi ni dunia iliyomkosea yeye, na kwa kuwa ni mzee wa kanisa, huisamehe dunia na kuendelea na shughuli zake. Mwaka ule aliposema vuli itachelewa, akaziacha mbegu za maharage ghalani, mvua iliwahi, ikanyesha mpaka vyura wakachoka kushangilia. Kashaija alisimama barazani, akaitazama kwa muda, akasema, "Hii siyo yenyewe." Majirani wakapanda kwa mvua isiyo yenyewe, wakavuna, wakala, wakashiba.

Isieleweke vibaya, ni mtu mwema. Kibanja chake hakina gugu. Migomba yake imeegemezwa miti, mibuni imepogolewa, na ibadani yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuketi. Mkewe Placidia ameishi naye miaka thelathini na moja bila kumshinda katika mabishano hata mara moja, na bila kufuata uamuzi wake hata mmoja ambao haukumfaa. Mtoto wao Avelina anafundisha shule Bukoba. Huja Krismasi, husikiliza yote, kisha hurudi Bukoba akiwa na usingizi wa wiki nzima wa kufidia.

Tena ana ng'ombe mmoja. Au tuseme, kwa siku mbili za mwezi wa nne, alikuwa na ng'ombe mmoja ambaye hakuwepo.

Ng'ombe huyo aliitwa Bihogo, kwa ajili ya rangi yake, wekundu wa udongo uliolowa. Kashaija alimnunua Chonyonyo akiwa mtamba mdogo, akamswaga kwa miguu siku mbili, na njiani wakazoeana kiasi kwamba Bihogo akisikia kikohozi cha mzee anageuza kichwa. Jioni humlamba mkono wa koti mpaka kitambaa kimepauka. Mzee hukemea, lakini mkono hauondoi. Sasa Bihogo alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Mambo yaliharibika Jumapili, baada ya ibada. Wazee watatu wa kanisa walipita kumwona Bihogo, na nyuma yao akaja Theoneste, jirani wa upande wa chini. Babu yake Theoneste alitoka Rwanda na fimbo moja na ng'ombe wawili, akabaki na fimbo. Theoneste mwenyewe huishi kwa vibarua vya kulima, hana hata mbuzi, lakini ng'ombe wa mtu yeyote akilala vibaya ni yeye anayeitwa. Aliinama, akatazama kiwele, akagusa pale mkia unapoanzia.

"Mzee, huyu hafiki Jumapili ijayo," alisema. "Kiwele kimejaa, na huku nyuma pamelegea. Mfungie bandani."

"Bado wiki tatu," alisema Kashaija. "Nimehesabu."

"Umehesabu, mzee, sikatai. Ila yeye hajahesabu."

Wazee wa kanisa wakacheka. Si kicheko kirefu, lakini kilitosha. Kuanzia siku hiyo Bihogo alilala nje, amefungwa kwenye kigingi, ili iwe ushahidi.

Alhamisi asubuhi kigingi kilikuwepo. Kamba ilikuwepo, nusu yake. Bihogo hakuwepo.

Hilo si jambo la kucheka. Mtamba wa uzao wa kwanza akizaa peke yake kichakani, ndama akikaa vibaya tumboni, unapoteza wawili kwa mpigo. Na akiteremka mpaka barabara ya kwenda Murongo, huko kuna watu wakarimu sana ambao wakikutana na ng'ombe aliyepotea humwonyesha njia ya kuvukia Uganda.

Kashaija akasimama ukingoni mwa kibanja. Kutoka pale bonde lote linaonekana: mafunjo, kijito kinachotafuta njia ya kwenda Mto Kagera, na madimbwi yanayobaki mvua ikikatika. Katikati ya dimbwi moja alisimama ndege mweupe, mkubwa, peke yake. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Nimempata," alisema.

Placidia akaweka jembe chini, akaja, akachungulia. "Yuko wapi?"

"Pale."

"Pale naona ndege."

"Ni nyange, mama Avelina. Nyange hakai bila ng'ombe."

Ni kweli, na hapa lazima tumtendee haki. Nyange ni yule ndege mweupe anayetembea na ng'ombe, akidonoa panzi wanaorushwa na kwato. Nyumba nzima ya kina Kashaija imekua ikijua kwamba ng'ombe akipotea hutazami chini, unatazama juu: wanapotua nyange, ndipo ng'ombe walipo. Baba yake aliwapata madume wawili hivyo, na habari hiyo husimuliwa kila msiba. Elimu hii si ya kubezwa. Ila inamhusu nyange.

"Nyange gani mrefu hivyo?" aliuliza Placidia. "Yule akisimama hapa ananifika kiunoni."

"Ameshiba. Mwaka huu panzi ni wengi."

"Na shingo je? Ina kona katikati kama njia ya kwenda kwa jirani yetu Beata."

"Anachungulia."

"Anachungulia nini?"

"Ng'ombe. Bihogo amelala kwenye mafunjo, yeye anamchungulia."

"Miguu yake ni myeusi, mirefu kama upondo wa kuangulia maparachichi."

"Matope."

"Nyange huja kumi, ishirini. Huyu yuko peke yake."

Kashaija akamgeukia kwa subira ya mtu aliyefundisha kipaimara. "Ng'ombe mmoja, nyange mmoja. Hesabu gani hiyo inakushinda, mke wangu?"

Placidia akasema alichotaka kusema tangu mwanzo. "Ng'ombe anayetaka kuzaa hatafuti maji. Anatafuta pakavu, penye kificho. Mwite Theoneste."

"Theoneste ana shughuli zake."

Theoneste wakati huo alikuwa amekaa mlangoni kwake akichonga mpini wa jembe. Shughuli hiyo ilionekana vizuri kabisa kutoka pale walipokuwa.

Kashaija akavaa mabuti ya mpira, akachukua fimbo na kipande cha kamba, akateremka bondeni. Kumwita Theoneste ni rahisi, mdomo tu. Lakini kumwita ni kusema mbele ya kijiji kwamba wiki tatu zilikuwa siku nne. Kuna vitu mtu anaweza kubeba na kuna vitu hawezi, na buti lililojaa maji ni jepesi kuliko sentensi fulani.

Siku ya kwanza ndege alikuwa mbele yake hatua mia, na akabaki hatua mia. Mzee akisogea, ndege anasogea, polepole, akiinua mguu mmoja kama mtu anayepita kwenye nyumba ya wenyewe. Mzee akisimama, naye anasimama. Kashaija akaita, "Bihogo." Vyura wakanyamaza. Akakohoa kile kikohozi chake. Vyura wakaendelea. Kila mafunjo yalipotikisika alikimbilia pale na kamba mkononi, na kila mara akawa amekamata upepo.

Alasiri ndege aliruka. Alikunja shingo yake yote kifuani, miguu ikabaki nyuma ikining'inia mbali na mkia, akapiga mabawa taratibu na kutua upande wa pili wa kijito. Mtu mwingine angesema ndege ameruka. Kashaija alisema, "Ng'ombe amehama."

Alirudi nyumbani jua likizama, ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Placidia akampa maji ya kunawa.

"Umemwona?"

"Tumekaribiana."

"Theoneste ameuliza."

"Ameuliza nini?"

"Ameuliza kama ulimfungia."

Kashaija alinawa miguu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akala ndizi zake. Banda tupu lilikuwa upande wa pili wa ukuta, na mara mbili alijikuta ameacha kutafuna ili asikilize.

"Kesho namkamata," alisema. Placidia hakuuliza nani.

Ijumaa aliondoka kabla mkewe hajawasha moto. Akavuka kijito, maji yakamfika mapajani, akaingia mafunjoni upande ule ambao ndege alilala. Safari hii aliamua kutumia akili. Akajibanza, akawa anasogea pale tu ndege anapotazama pengine, akasimama anapogeuka. Ilimchukua asubuhi nzima. Mara moja au mbili akasikia kama sauti ya mwanamke ikiita kutoka juu, lakini mwindaji hageuki. Jua lilipokuwa karibu utosini, mzee wa kanisa, baba wa mwalimu, alikuwa amechuchumaa kwenye tope akiwa na mafunjo kichwani, na ndege alikuwa mbele yake hatua kumi tu.

Ndipo alipomtazama. Siku mbili alikuwa amemfuata bila kumtazama. Alikuwa anatazama ng'ombe ambaye angekuwa karibu naye.

Mdomo ulikuwa wa njano kama wa nyange, hiyo ni kweli, lakini mrefu, umechongoka kama mkuki. Mstari wa mdomo ulipita chini ya jicho ukaendelea hadi nyuma yake, kama mtu aliyeanza kucheka akakumbuka yuko msibani. Shingo ilikuwa na kona pale pale Placidia aliposema. Miguu ilikuwa ndani ya maji, maji safi, na mpaka pale yalipoishia ilikuwa myeusi. Si tope. Nyange hutembea kwa haraka, akitikisa kichwa kama karani aliyechelewa kazini. Huyu hakutikisa kitu. Alisimama kama amelipwa asimame.

Kisha shingo ikafyatuka. Ikaingia majini na kutoka, na katikati ya mdomo kulikuwa na kambale mdogo anayejipindapinda. Ndege akamgeuza, akamweka sawa, kichwa mbele, akammeza mzima, na Kashaija akauona uvimbe ukishuka taratibu kwenye shingo ndefu, ukafika kwenye kona, ukasita, ukapita.

Mzee akafikiri. Kisha akafanya jambo ambalo hulifanya mara chache. Akafikiri tena.

Ndege huyu ni mvuvi. Kitabuni ana jina lake, yangeyange mkubwa. Kibingo hakuna anayejisumbua kumwita, kwa kuwa hana anachomdai mtu wala anachomfanyia. Hali panzi wa ng'ombe, hamjui ng'ombe. Maji aliyosimama ndani yake yangemfika Bihogo magotini, na Bihogo huogopa hata dimbwi la mlangoni. Siku mbili Kashaija alikuwa amechungwa na ndege, kutoka dimbwi hadi dimbwi, na katika kuchungwa huko alikuwa mtiifu.

Lakini si hilo lililomfanya akae chini kwenye tope. Aliwaza kwato mbili ndogo zimetokeza nje, hazitoki zaidi. Aliwaza Bihogo akigeuza kichwa kutafuta kikohozi, na kikohozi kikiwa bondeni kinavizia samaki. Siku mbili. Mtamba hachukui siku mbili kuzaa.

Akasimama, na yule ndege akaruka bila haraka. Mzee hakumtazama alikokwenda.

Njia ya kwenda kwa Theoneste inapanda, na Kashaija aliitumia kutunga maneno. La kwanza lilikuwa, "Theo, nimepita kukujulia hali." Akaliacha penye mwerezi. La pili lilikuwa, "Theo, kuna jambo kuhusu ng'ombe nilitaka tulijadili kwa upana." Hilo alilibeba mpaka karibu na uzio. La tatu lilikuwa na maneno mawili tu, na ndilo lililomtoa jasho.

Uani alimkuta Umutesi, mke wa Theoneste, akianika mtama wa pombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Theo yupo?" Kisha, kabla ujasiri haujapoa, akalisema hilo la tatu, ingawa aliyelengwa hakuwepo. "Theo, nisaidie. Yaani mwambie. Anisaidie."

Umutesi akayatazama mabuti, suruali, halafu unyasi wa mafunjo uliobaki juu ya sikio la mzee. Alikuwa mwanamke mwenye heshima, akautazama mtama wake badala yake.

"Mzee, Theo na mama Avelina wako kwa Beata, tangu saa nne. Ng'ombe wako yuko kule, kwenye ile mibuni isiyopaliliwa. Mama amekuita sana kutoka ukingoni, hukusikia. Sote tulikuona kule chini. Tulidhani umeanza kuvua."

Kuna watu waliokuwa wakipita na baiskeli za ndizi ambao wanasimulia mpaka leo kwamba walimwona mzee wa kanisa akikimbia, na mabuti yake yakitoa sauti kama bata wawili wanaogombana.

Beata ni mjane. Tangu mumewe afariki mibuni yake haijaguswa, imeota ikafungamana mpaka chini yake ni giza na pakavu. Hapo ndipo Bihogo alipojichagulia, mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye kigingi chake. Alikuwa amelala ubavu, macho yametoka, akipumua kama anapandisha mzigo. Placidia alikuwa ameshika kichwa. Theoneste alikuwa kifua wazi, mkono wake wa kulia umepakwa sabuni hadi begani, na haukuonekana kwa sababu ulikuwa ndani ya ng'ombe.

"Shikamoo mzee," alisema Theoneste bila kugeuka. "Mguu mmoja ulikunjika. Nimeshaunyoosha, lakini amechoka. Shika kamba hiyo."

Ilikuwa kamba laini ya mgomba, na mwisho wake ulikuwa umefungwa kwenye kwato mbili ndogo, za njano, zinazoteleza.

"Kwa kawaida ndama wa kwanza..." alianza Kashaija.

"Bado. Subiri asukume."

Mzee akafunga mdomo. Placidia aliinua macho kuona kama kuna mtu mwingine amemshuhudia akifanya hivyo, lakini Beata alikuwa ndani anachemsha maji.

Bihogo akasukuma.

"Vuta."

Akavuta.

"Chini, mzee, siyo kwako. Vuta kwenda chini. Sasa acha."

Akaacha.

"Vuta. Acha. Sijasema vuta. Acha. Sasa."

Akavuta, akaacha, akavuta. Tope la bondeni lilikuwa linakaukia usoni na jasho likilichora mistari. Hakuuliza swali, hakutoa mfano wa baba yake. Katikati ya hayo akakohoa, kwa sababu alikuwa amelowa tangu asubuhi, na Bihogo akageuza kichwa kwenye mapaja ya Placidia, akatafuta, akamwona, akasukuma kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua bado anayo. Pua ikatoka, kisha paji, kisha mabega yakakwama, na Theoneste akasema, "Usiache sasa, hata nikisema acha," na ndama akaja kwa mara moja, wa moto, mzito, juu ya miguu ya mzee, akamwangusha kitako.

Alikuwa jike. Hakupumua.

Theoneste akamfuta pua kwa kiganja, akachuma unyasi, akauchomeka tundu la pua, akauzungusha. Hakuna. Akamshika miguu ya nyuma, akamwinua kidogo, akamshusha, akamsugua mbavu kwa majani ya mibuni. Kashaija alikuwa bado ameketi pale alipoanguka, ameshika kwato moja kama anayeshikana mkono na mgeni, midomo ikitembea bila sauti.

Ndama akapiga chafya.

Beata alileta maji ya moto, akayaweka chini, akarudi kuleta kiti. Bihogo alijikusanya akasimama kwa awamu, akageuka, akaanza kumlamba mtoto wake kwa ulimi ule ule uliomaliza koti la mzee. Theoneste alinawa mkono. Kashaija alimmiminia maji mwenyewe, kwa kata, mpaka kwenye bega, na akayamimina vizuri, bila kuyamwaga.

"Siku nne," alisema Kashaija, akiutazama mkono badala ya uso wa mwenye mkono.

"Tano, mzee, ukihesabu na leo," alisema Theoneste.

"Tano."

Placidia alikuwa amekaa chini ya mbuni, kitenge chake kimeharibika. Sasa kwa kuwa wote wawili walikuwa hai, aliona hakuna ubaya. "Baba Avelina, na yule nyange wako umemwacha wapi?"

Mzee akaweka kata chini. Akafuta paji la uso, akasambaza tope pale ambapo halikuwepo. Wale wanaomfahamu wangeona mgongo ukinyooka kidogo kidogo.

"Yule si nyange," alisema.

"Kumbe."

"Watu wengi huwachanganya. Ni weupe wote wawili, mdomo wa njano wote wawili. Asiyechunguza hawezi kujua. Mimi nimekaa naye karibu, hatua kumi. Tofauti ya kwanza ni shingo. Nyange shingo yake ni fupi, yule ana shingo yenye kona."

Placidia akafungua mdomo. Katika miaka thelathini na moja hajawahi kupewa nafasi kama hiyo, na alijua haitarudi. Alimtazama mume wake, aliyesimama na mafunjo sikioni, suruali imelowa, mkono wake mmoja uko mgongoni mwa Bihogo na hataki kuuondoa. Akaufunga mdomo.

Theoneste alikuwa anavaa shati. Alikulia kwenye kingo za Mto Kagera, na yule ndege alimjua kabla hajajua kusoma. Akafunga kifungo cha juu, akakaa kwenye kiti alicholetewa na Beata, akaweka mikono magotini kama mtu aliyekuja darasani.

"Na ya pili, mzee?"